Umeacha mafuta kabisa, mbona ini bado lina mafuta?

Karibu kila mtu aliyepiga ultrasaundi akaambiwa ini lake lina mafuta anarudi nyumbani na ushauri mmoja tu, acha mafuta. Basi. Anafika anaficha chupa ya mafuta ya kupikia, anaanza kuchemsha kila kitu, samaki wa kuchemsha, mboga za kuchemsha, na pembeni ya sahani iko glasi kubwa ya juisi kwa sababu juisi ni matunda bana, halafu akimaliza kula anajitupa kwenye kochi na simu mpaka usingizi umchukue. Miezi sita baadaye anarudi kupima, ini liko vilevile au limezidi, na yeye anaona ameonewa maana kajinyima kweli.

Na kweli kajinyima, hilo simkatalii. Ila kajinyima kwa kufuata hesabu isiyo yake. Sisi tunapenda kuamini kwamba mafuta ukiyala yanashuka moja kwa moja yanaenda kukaa kwenye ini, inaingia akilini haraka, mafuta kwa mafuta. Mwili haufanyi kazi hivyo. Mwaka 2005 watafiti wa chuo kikuu cha Minnesota kule Marekani walichapisha kazi yao, waliwachukua wagonjwa wanene wenye ini la mafuta wakafuatilia kwa alama maalum yale mafuta yaliyojaa kwenye ini yametokea wapi hasa, wakakuta kama asilimia 59 yanatoka kwenye akiba ya mafuta ya mwili wenyewe, asilimia 26 ini limeyatengeneza lenyewe kutokana na sukari na wanga, na yale yaliyotoka moja kwa moja kwenye chakula yalikuwa asilimia 15 hivi. Wagonjwa walikuwa 9 tu, wachache, na wote wanene, kwa hiyo usizichukue hizo namba ukazibandika kwa kila mtu duniani, lakini picha yenyewe imekaa vizuri, na inatosha kukuonyesha kwamba anayepigana na chupa ya mafuta peke yake anapigana na kipande kidogo kuliko vyote.

Sasa hiyo asilimia 59 ndo ya kuikodolea macho. Mafuta ya mwili yana sehemu yake ya kukaa, chini ya ngozi, mapajani, makalioni, na yakikaa huko hayana neno sana. Homoni ya insulini ndiyo inayoziambia seli za mafuta zitulie, zisimwage mafuta kwenye damu wakati umeshakula na una nishati ya kutosha. Mtu akishakuwa na usugu wa insulini, yaani mwili hausikii tena hiyo amri vizuri, zile seli zinaendelea kuvujisha mafuta mchana na usiku, hata pale ambapo amemaliza kula saa hiyohiyo, na damu inayapeleka wapi? Kwenye ini. Na ukichanganya na kitambi, yale mafuta ya ndani kabisa yanayozunguka utumbo, baadhi ya mishipa yake inamwaga damu moja kwa moja kwenye ini, hapo mambo yanakuwa mabaya zaidi. Kwa hiyo unaweza ukala mboga za kuchemsha mwezi mzima na ini likaendelea kulishwa mafuta na kitambi chako mwenyewe.

Halafu iko ile 26, kiwanda cha ndani. Ini likipokea sukari kuliko linavyoweza kuhifadhi au kuchoma linaigeuza mafuta, na sukari inayolisukuma kuliko zote ni fruktosi, ile iliyo nusu ya sukari ya mezani. Glukosi, ile nusu nyingine, inatumika na kila kiungo, misuli, ubongo, chembe za damu, ila fruktosi inapita kwanza kwenye utumbo na ini na sehemu kubwa inamalizikia hapo, na haisubiri ruhusa ya insulini. Wataalamu wa Zurich, Uswisi, walitoa utafiti 2021 wa wanaume 94 wenye afya, wembamba, hawana ugonjwa wowote, wakawapa vinywaji vyenye gramu 80 za sukari kwa siku kwa wiki saba, waliopewa fruktosi au sukari ya kawaida uwezo wa ini lao kutengeneza mafuta ukapanda mara mbili, waliopewa glukosi peke yake haukupanda hivyo. Gramu 80 si nyingi jamani. Soda ya nusu lita ina kama gramu 50 na kitu, ongeza glasi moja umefika. Na juisi ya matunda hata uikamue mwenyewe kwa mikono yako haiko mbali sana na soda kwa kiasi cha sukari, tofauti ni kwamba tunda zima lina nyuzinyuzi, unalitafuna, linakushibisha, hamna mtu anakula machungwa matano kwa dakika mbili lakini kuyanywa watu wanayanywa kila siku na kuongeza.

Hapa sasa wako watu ambao wakishasoma mpaka hapo wanarukia upande wa pili. Eti kumbe sukari ndo adui, basi mafuta ruksa, siagi ruksa, nyama yenye mafuta mengi ruksa, mafuta ya nazi kijiko kizima kwenye kahawa. Hawa nao wamekosea vibaya na naona siku hizi wamekuwa wengi kuliko wale wa kuchemsha.

Kuna jaribio la Finland la 2018 ambalo kwangu mimi ndilo linalomaliza huu ubishi. Walichukua watu 38 wenye uzito uliozidi, wakawalisha kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki tatu, kundi moja ziada yake ilikuwa mafuta yanayoganda kama siagi, jibini na mafuta ya nazi, kundi la pili ziada yake mafuta ya maji kama ya zeituni na karanga za aina mbalimbali, kundi la tatu sukari na vinywaji vitamu. Kalori ni zilezile. Kundi la sukari mafuta ya ini yalipanda kwa asilimia 33. Kundi la mafuta ya maji asilimia 15. Kundi la mafuta yanayoganda asilimia 55, ndiyo, zaidi hata ya sukari. Na njia zake ni tofauti, sukari iliwasha kile kiwanda cha ndani ya ini, mafuta yanayoganda yalifanya seli za mafuta za mwili zivujishe zaidi na usugu wa insulini ukaongezeka, wakati mafuta ya maji yalipunguza huo uvujaji. Yaani unaona? Mafuta uliyokula yamefanya madhara kupitia ule mlango wa asilimia 59, hayakulazimika kwenda yenyewe kukaa kwenye ini.

Na kabla ya hapo, 2014, Wasweden wa Uppsala walifanya jambo ambalo mimi hulipenda kwa jinsi lilivyo rahisi. Vijana 39, uzito wa kawaida tu, kila mmoja akapewa keki ndogondogo za kula kila siku kwa wiki saba mpaka uzito upande. Keki ni zilezile, sukari ileile, unga uleule, tofauti moja tu, nusu yao keki zilitengenezwa kwa mafuta ya mawese, nusu kwa mafuta ya alizeti. Wote walinenepa sawa, kama kilo moja na nusu hivi. Ila wa mawese walijaza mafuta mengi zaidi kwenye ini na tumboni, na wa alizeti sehemu kubwa zaidi ya uzito walioongeza ilikuwa nyama ya mwili isiyo mafuta. Mizani inasema watu hawa wako sawa, ukiangalia ndani kwa mashine hawako sawa kabisa.

Kwa hiyo msimamo wangu kwenye mafuta ni huu, usiyafute, yabadilishe. Mafuta ya nazi zaidi ya asilimia 80 ni yale yanayoganda, mawese karibu nusu, ya zeituni kama asilimia 14, ya alizeti kama 11. Samaki wenye mafuta, karanga, parachichi, hivi viendelee kuwepo mezani. Lakini kijiko kikubwa cha mafuta yoyote, yawe matakatifu namna gani, kina kalori kama 120, na mtu aliyesikia kwamba zeituni ni dawa akaanza kuimimina kama maji ataongeza kitambi na ini litamfuata. Kiasi bado ni kiasi. Wale wa Finland waliolishwa mafuta mazuri ini nalo lilipanda, asilimia 15 si sifuri.

Pombe nitaipita haraka kwa sababu hamna mjadala, ini likishakuwa na mafuta kila unachokunywa kinaongeza mzigo juu ya mzigo, na ule usemi wa glasi moja ni nzuri kwa moyo usiutumie kulitetea ini lako.

Sasa mazoezi, na hapa ndipo ninapoona watu wanaonewa kweli.

Mtu anaanza kutembea. Kila siku, nusu saa, kwa mwendo wa kukufanya uhemee kidogo, siku tano kwa wiki. Baada ya mwezi anapanda mizani, kilo zilezile. Anakata tamaa anaacha. Lakini tupige hesabu, mtu wa kilo 70 akitembea haraka nusu saa anachoma kama kalori 150, mara tano ni 750 kwa wiki, na kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700, kwa hiyo wiki nzima ya kujituma imeondoa kama gramu 100. Glasi moja ya maji ina gramu 250. Yaani ukinywa maji kabla ya kupima umeshafuta wiki mbili za jasho lako kwenye macho ya mizani, sasa utawezaje kuona? Na huyu bado hajala zaidi kwa sababu ya njaa ya mazoezi, maana wengi huwa wanakula.

Ila ini linaona. Mwaka 2009 watu wa Sydney, Australia, waliwapandisha baiskeli watu wanene wasiofanya mazoezi, mara tatu kwa wiki, wiki nne tu, uzito haukubadilika lakini mafuta ya ini yalishuka kwa asilimia 21. Mwaka 2011 wenzao wa Newcastle, Uingereza, walifanya kwa vyuma, mara tatu kwa wiki kwa wiki nane, watu wenye ini la mafuta, uzito palepale, mafuta ya ini yakashuka asilimia 13. Hiyo ya vyuma naipigia debe kwa sababu kuna watu wengi magoti hayawaruhusu kukimbia, mtu ana kilo 110 unamwambia akimbie utamuua goti kabla hujamsaidia ini, mwache akae kwenye kiti asukume vyuma, avute kamba ya mpira, ainuke na kukaa mara kumi, apumzike, arudie. Na 2023 timu ya chuo kikuu cha Penn State, Marekani, ikakusanya majaribio 14 yenye watu 551 wakakuta waliofanya mazoezi walikuwa na nafasi kubwa mara tatu na nusu ya kupunguza mafuta ya ini kwa asilimia 30 au zaidi kuliko ambao hawakufanya, iwe uzito umepungua au la, na kiwango kilichoonekana kufanya kazi vizuri ni kama dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka.

Inakuwaje? Yaani uzito haujashuka, mafuta yameondoka ini, yameenda wapi? Jibu zuri naliona kwenye kazi ya chuo kikuu cha Yale, Marekani, ya 2011. Waliwachukua vijana wenye usugu wa insulini, wakawafanyisha mazoezi mara moja tu, dakika 45, halafu wakawapa mlo wenye wanga mwingi. Misuli ilihifadhi sukari zaidi ya mara tatu ya ilivyokuwa bila mazoezi, na lile ini ambalo kwa kawaida lingebaki na mzigo wa kuigeuza sukari kuwa mafuta lilipunguza kazi hiyo kwa karibu theluthi. Mara moja tu. Misuli iliyofanya kazi inafungua milango ya sukari hata pale insulini haisikilizwi vizuri, inaivuta kutoka kwenye damu kujaza akiba iliyotumika, na kinachofika kwenye ini kinapungua. Misuli ya mtu aliyekaa siku nzima akiba yake imejaa, haihitaji kitu, chakula cha mchana kikija ni kama kupeleka magunia kwenye ghala lililofurika, linalobaki kuyapokea ni ini.

Ndiyo maana mimi huwa naona swali la nifanye mazoezi saa ngapi, asubuhi au jioni, ni swali la pili. La kwanza ni usipitishe siku. Ile hali ya misuli kuwa na njaa ya sukari haikai, kwa watu wengi inaanza kuisha ndani ya siku mbili hivi, kwa hiyo anayepiga tizi Jumamosi masaa matatu mpaka anazimia halafu Jumapili mpaka Ijumaa yuko kwenye kiti anapata faida ya siku mbili na maumivu ya siku nne. Bora dakika 30 mara tano. Bora hata dakika 15 baada ya kila mlo mkubwa, ndo wakati sukari inazunguka kwenye damu, vaa viatu toka, vyombo vitaoshwa.

Lakini nisije nikawauzia mazoezi kama muujiza. Tunapozungumzia mafuta kupungua kwa asilimia 20 tunamaanisha asilimia ya kile kilichokuwepo, mtu aliyekuwa na mafuta asilimia 14 ya ini anashuka kwenye 11 au 12, na kikomo cha ini la kawaida ni chini ya 5. Bado yuko juu. Na kwenye makovu, yale ambayo ini likishaungua na kupona na kuungua tena linajitengenezea, mazoezi peke yake hayajaonyesha nguvu kubwa. Hapo ndipo uzito unarudi kwenye mazungumzo, tupende tusipende. Madaktari wa Havana, Cuba, mwaka 2015 walitoa matokeo ya wagonjwa 293 waliokuwa na ini la mafuta lenye uvimbe, si uvimbe wa saratani, ni ule wa ini kuungua, lile ambalo limeshavuka hatua ya mafuta tu, waliwafuatilia mwaka mzima kwa lishe na mazoezi na kuwatoa kinyama cha ini kukiangalia kabla na baada. Waliopunguza asilimia 10 ya uzito au zaidi, 9 kati ya 10 uvimbe uliisha, na asilimia 45 makovu yalirudi nyuma. Makovu! Kitu ambacho zamani tulikuwa tunaambiwa hakirudi. Sasa sehemu ambayo haisemwi sana ni kwamba waliofika hiyo asilimia 10 walikuwa kama mmoja kati ya kumi, na hata waliofika asilimia 5 walikuwa 3 kati ya 10, tena wakiwa wanafuatiliwa na wataalamu. Kwa hiyo tunaposema punguza uzito tukaondoka tumemwachia mgonjwa kitu ambacho wengi wao hawakukiweza hata kwa msaada, na kwa mtu wa namna hiyo taarifa kwamba mazoezi yanalisaidia ini hata kama mizani imegoma ina thamani kubwa sana, inampa sababu ya kesho kuvaa viatu tena.

Na usipunguze kwa pupa. Kilo nusu mpaka moja kwa wiki inatosha, wanaojifungia na maji ya limau siku kumi wanashusha uzito haraka, wengi wao maji na misuli, mawe kwenye nyongo yanapenda sana hali hiyo, na misuli unayoipoteza ndiyo ileile tuliyosema inalipunguzia ini sukari. Hizo chai na vidonge vya kusafisha ini nazo sina la kusema zaidi ya kwamba ini halichafuki kama sufuria, na kuna dawa za mitishamba ambazo zenyewe zimeshawahi kuwalaza watu kwa kuharibika ini. Kahawa, kinyume chake, bila kurundika sukari, tafiti nyingi zinaihusisha na makovu machache kwenye ini, wanaoipenda wanywe kwa amani.

Wembamba nao wasikae pembeni wakicheka. Wapo watu wasio na tumbo la kuonekana na ini limejaa mafuta, wengine ni urithi wa vinasaba, wengine wana misuli kidogo na mafuta yote yamejificha ndani. Hawa hawahitaji kupunguza kilo 15, wanahitaji hasa kujenga misuli, kuacha vinywaji vitamu na kubadilisha aina ya mafuta, na kiuno kikipungua sentimeta chache ni habari njema kwao kuliko kilo. Tena kwa dunia nzima, watu wazima kama 3 kati ya 10 wana hili tatizo, wengi hawajui, maana ini halina tabia ya kuuma mapema.

Mwenye sirosisi tayari, yaani ini limeshajaa makovu na kuwa gumu, asichukue ushauri wa wenye ini la mafuta akaufanya wake. Huyo hatakiwi kufunga kula masaa marefu, hatakiwi kupunguza protini, ushauri wa siku hizi ni gramu 1.2 mpaka 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku na kula kitu kidogo kabla ya kulala, kwa sababu ini lake halina akiba ya kumvusha usiku na mwili utakula misuli. Mazoezi afanye, ila apange na daktari wake, hasa kama ana mishipa iliyovimba kwenye umio, kunyanyua vitu vizito kwa kujikaza si kwake.

Kuna dawa sasa, na naona watu wameanza kuzingoja kama mabasi. Resmetirom iliidhinishwa Marekani Machi 2024, semaglutide ikafuata Agosti 2025, zote kwa wenye uvimbe na makovu ya kati mpaka makubwa ambao hawajafika sirosisi. Ni hatua kubwa kweli, ugonjwa huu ulikuwa hauna hata dawa moja iliyoidhinishwa kule tangu upewe jina la kitabibu mwaka 1980. Lakini zote zimeidhinishwa zitumike pamoja na lishe na mazoezi, na ya semaglutide inashusha uzito kwa kupunguza hamu ya kula, mtu asiyefanya mazoezi ya nguvu sehemu ya uzito anaopoteza ni misuli. Kwa hiyo hata mwenye dawa mkononi vyuma vinamhusu.

La mwisho ni vipimo, maana hapa watu wanatishika bure au wanajifariji bure. Vimeng'enya vya ini kwenye damu, ALT na AST, vinaweza kuwa vya kawaida kabisa na ini likawa limejaa, usije ukafunga mjadala kwa sababu karatasi haina nyota nyekundu. Ultrasaundi ya kawaida nayo hukosa mafuta yakiwa kidogo, mara nyingi inaanza kuyaona vizuri yakishapita asilimia 20 na kitu. Kujua kama kuna makovu daktari anaweza kuanza na hesabu inayoitwa FIB-4, inahitaji umri wako, AST, ALT na chembe sahani za damu, zile za kugandisha damu, tu, ikitoka juu ndo unapelekwa kwenye mashine ya kupima ugumu wa ini. Na wale mnaoanza vyuma wiki hii, kuna jaribio la 2008 wanaume 15 wenye afya ambao hawakuzoea vyuma walinyanyua saa moja tu, AST na ALT zao zikabaki juu kwa angalau siku 7, kwa sababu vimeng'enya hivyo viko kwenye misuli pia, havitoki kwenye ini peke yake. Ukienda kupima damu siku mbili baada ya kujichosha utaambiwa ini limeharibika wakati ni mapaja yanauma, kwa hiyo acha vyuma wiki moja kabla ya kipimo, au mwambie daktari ulinyanyua lini akupimie na CK, kimeng'enya cha misuli.